Kukarabati behewa la zama za Malkia Victoria: anza chini

Mabehewa mengi ya mbao ya zama hizo yaliyosalia Uingereza hayana magurudumu. Yalipoondolewa kazini, chuma kiliuzwa chakavu na bodi, yaani sanduku la mbao la abiria, ikageuzwa nyumba au banda la shambani. Chesi, yaani fremu ya chini yenye magurudumu, itabidi itoke kwingine. Isle of Wight Steam Railway, reli ya kihistoria ya Uingereza, kwa mfano, hutumia chesi za mabehewa ya mizigo ya Southern Railway, kampuni ya reli ya zamani, zikafupishwa kulingana na bodi.

Usibandue ubao wowote kabla ya kukaza bodi kwa mbao za mshazari ndani ya kila chumba. Mbao za nje ndizo zinazoishikilia. Zikitoka, bodi hupinda.

Kisha chokoa boriti za chini kwa bisibisi, hasa chini ya milango. Kioo cha dirisha hushuka ndani ya mlango, na maji ya mvua huteremka nacho. Vitundu vya kutolea maji vikizibwa na rangi au vumbi, mlango, mguu wa nguzo na boriti huoza pamoja. Kuweka mbao mpya bila kuzibua vitundu ni kazi bure.

Kata hadi kwenye mti mzima, uunge kwa mshazari wa 1 kwa 8: boriti ya milimita 100 inahitaji kiungo cha 800. Mbao iwe na unyevu wa asilimia 12 hadi 15. Ikizidi, itasinyaa na kiungo kitaachia. Badilisha kipande kimoja kimoja, jeki zikiwa zimebeba uzito.

Misumari ya chuma haifai kwenye mwaloni, kwa sababu tanini, kemikali iliyomo ndani ya mti huo, huila. Tumia skrubu za shaba ya njano (brass). Toboa, pitisha kwanza skrubu ya chuma cha pua ya saizi ileile, itoe, ndipo ukaze ya shaba iliyopakwa nta. Ukiruka hatua hiyo, kichwa kitakatika.

Rangi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu: kwangua zikiwa na maji, uvae barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la P3, usipige msasa mkavu wala kuchoma. Kabla ya kuziondoa, kwangua taratibu eneo la kiganja, tabaka kwa tabaka. Rangi na namba za awali huonekana hapo, na zikipotea hazirudi.

Turubai la paa lilaze juu ya rangi nzito mbichi, ulivute kutoka katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, hewa hubaki chini na turubai hufanya mikunjo.

Milango ifungwe mwisho, bodi ikishakazwa kwenye chesi na kutulia. Acha nafasi ya milimita 3 kila upande. Rangi nayo ina unene wake.