Mayai ya kambare: yale masaa ya mwanzo usiyachezee

Wakuu mnaototolesha vifaranga huku Igombe, Nyegezi na kwingine Mwanza, mtu anakamua jike usiku, anachanganya na mbegu za dume, anamwaga mayai kwenye tenki alafu analala, asubuhi anakuta yamekuwa meupe basi lawama zote kwa dume. Kama masaa ya mwanzo mayai yalikuwa ya kijani-kahawia safi, baadae ndo yakafa kwa mkupuo, angalia maji yako kwanza.

Yai likisharutubishwa linagawanyika haraka sana ila jeni zake lenyewe (maelekezo ya urithi) bado zimelala, linaendeshwa na maagizo ambayo mama aliyaweka humo ndani kabla hujamkamua. Maagizo hayo ni RNA, yaani nakala za jeni za mama. Baadae jeni za kiinitete, yaani samaki anayeanza kuumbika ndani ya yai, zinaamka, na kati ya vitu vya mwanzo kabisa zinatengeneza RNA vidogo mno, maikro-RNA, kila kimoja kina herufi kama 22 tu. Kwa zebrafishi, yule samaki wa maabara, hii inatokea kama masaa 3 baada ya kurutubishwa kwenye maji ya nyuzi 28, kundi linaitwa miR-430 linashika maagizo ya mama ya aina mamia na kuyaondoa. Ni kama mpangaji mpya, hawezi kukaa mpaka vyombo vya wa zamani vitolewe. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba maikro-RNA zikikosekana ubongo haujengeki vizuri, wakadunga miR-430 peke yake ubongo ukarudi karibu na kawaida, mimi hii ilinigusa sana.

Kambare masaa yake hayafanani na ya zebrafishi ila makabidhiano haya kutoka kwa mama kwenda kwa kiinitete yapo pale pale. Kwaiyo jike mzazi lishe protini ya kutosha wiki nyingi kabla, ukishakamua huwezi tena kuongeza kitu kwenye yai. Mwezi wa saba upepo ukipiga usiku maji yanapoa, nunua kipima joto, shikilia nyuzi 26 mpaka 28, na usimwage maji baridi ya kisima ghafla hata kama umeme umekatika, bora uwe na pampu ya hewa ya betri. Mayai tandaza tabaka moja kwenye wavu, yakirundikana ya chini yanakosa hewa, na meupe yanyonye kwa mpira taratibu kabla ukungu haujashika mazima.

Yatatotoa ndani ya siku moja hivi. Siku mbili tatu vifaranga vinakula kiini chao, usitupie chochote, vikianza kuogelea vyenyewe ndo uwape atemia, vile vijidudu vidogo vya maji ya chumvi.