Kukiondoa kifurushi ni rahisi, kazi ni kisirudi

Kabla hujaondoa chochote kwenye Linux yako, jiulize kwanza kilifikaje. Wengi hukimbilia kufuta, halafu siku ya kusakinisha programu nyingine kitu kilekile kinarudi, na lawama zinaangukia mfumo. Hakuna ujanja hapo. Kuna kifurushi kingine, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa, kilichokiita.

Mimi hutumia Debian kwenye kompyuta yangu na Ubuntu kwenye zile ninazowatunzia wengine, kwa hiyo nitazungumzia apt, chombo chao cha kusakinisha na kuondoa vifurushi. Kuna amri mbili za kumtafuta aliyekiita kifurushi, na ya pili inahitaji usakinishe aptitude kwanza. Mfano wangu ni cups-browsed, huduma inayotafuta printa za mtandaoni:

apt-cache rdepends --installed cups-browsed
aptitude why cups-browsed

Jibu la aptitude litakuonyesha kama kinahitajika au kimependekezwa tu. Tofauti ni kubwa. Kinachohitajika hukiondoi bila kuondoa na kile kinachokihitaji. Kilichopendekezwa unaweza kukikataa, ila apt kwa kawaida husakinisha mapendekezo yote bila kukuuliza. Ndiyo maana unaomba programu moja na unaletewa ukoo mzima. Kukataa ni hivi:

sudo apt install --no-install-recommends jina-la-kifurushi

Wapo wanaozima mapendekezo moja kwa moja kwa kuandika APT::Install-Recommends "false"; katika faili ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/. Kwenye seva sina neno. Kwenye kompyuta ya mezani sikushauri, maana utahangaika na fonti na printa bila kujua ni pendekezo lipi ulilolikosa. Afadhali uamue kifurushi kimoja kimoja.

Kuna mtego mwingine: vifurushi ambavyo ndani havina programu yoyote, bali orodha ya vifurushi vingine tu. Kwenye Debian kuna gnome, kwenye Ubuntu kuna ubuntu-desktop. Ukiondoa kitu ambacho orodha hiyo inakihitaji, hata kama ni kichezeo kisicho na maana kwako, orodha yenyewe inaondoka nacho. Vilivyobaki vinahesabiwa yatima, yaani visivyohitajika na yeyote, na siku utakapoandika apt autoremove vinaweza kufagiliwa, meneja wa mafaili akiwemo. Kwa hiyo jaribu kwanza kwa -s, ambayo huonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu, kisha tia alama vile unavyotaka vibaki:

apt-get -s remove jina-la-kifurushi
sudo apt-mark manual gnome-shell gdm3 nautilus

Isome ile orodha mpaka mwisho. Naisisitiza kwa sababu ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote.

Sasa tuje kwa snapd, ambayo ndiyo huulizwa zaidi. Ni huduma inayoendesha snap, aina nyingine ya vifurushi vya Ubuntu isiyopitia apt. Tangu Ubuntu 19.10, kifurushi cha apt cha chromium-browser ni ganda tupu linaloleta snap, na Firefox ikafuata katika 22.04. Mimi sina ugomvi na snap. Kwenye mashine zenye diski ya zamani programu zake huchelewa kufunguka, basi naziondoa. Anza na snap list uone kilichopo. Nakili wasifu wako wa Firefox kutoka ~/snap/firefox/common/.mozilla, ndipo uondoe snap zenyewe, halafu sudo apt purge snapd. Ukiishia hapo, ganda lolote litairudisha. Mlango unafungwa kwa faili ndani ya /etc/apt/preferences.d/, kwa mfano nosnap.pref:

Package: snapd
Pin: release a=*
Pin-Priority: -10

Namba iliyo chini ya sifuri huiambia apt isisakinishe kifurushi hicho hata kikihitajika. Linux Mint wamefanya hivyohivyo tangu toleo la 20, mwaka 2020. Kwa Firefox, ongeza hazina ya vifurushi ya Mozilla yenyewe, packages.mozilla.org, na uipe kipaumbele 1000. Chini ya hapo ganda la Ubuntu linaweza kushinda, kwa kuwa namba ya toleo lake imepangwa ionekane kubwa zaidi.

Kuna vitu visivyofaa kuondolewa ila vinafaa kunyamazishwa. Andika sudo ss -tulpn uone nani anasikiliza mtandao. Mwaka 2024 cups-browsed, iliyokuwa ikisikiliza kwenye poti 631, ilipatikana na udhaifu mkubwa, na watu wengi hawakujua kwamba wanayo. Kwa huduma ya namna hiyo, systemctl disable, inayoizuia tu isijiwashe kompyuta inapowaka, haitoshi, kwa sababu huduma nyingine inaweza kuiamsha. Tumia mask, inayoifungia kabisa:

sudo systemctl mask --now cups-browsed.service

Na kama kero yako ni systemd yenyewe, programu inayowasha na kusimamia huduma zote, usiing'oe kwenye Debian. Inawezekana, lakini kila sasisho litakuwa vita. Chukua Devuan, Debian isiyo na systemd iliyotoa toleo lake la kwanza imara mwaka 2017, au Void inayotumia runit badala yake, uanze ukiwa na amani.

Wa Fedora, inayotumia dnf badala ya apt, tafuta /etc/dnf/dnf.conf: install_weak_deps=False hukataa mapendekezo, na excludepkgs= hupokea majina ya usivyovitaka.

Ukihamia toleo jipya la Ubuntu, hazina za nje huzimwa wakati wa kuhama, ya Mozilla ikiwemo. Iwashe tena, kisha andika apt policy firefox uhakikishe inatoka unakotaka.