Jenga ulimwengu wa mchezo kuanzia sufuriani: makazi ya Mirihi na matembele ya karanga

Anayeandaa mchezo wa kuigiza wahusika (mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huwa mhusika wa hadithi na dadu huamua yatakayotokea) mara nyingi huanza na ramani, kisha watawala, kisha vita vya miaka elfu. Wachezaji wakikaa mezani, mmoja anauliza wenyeji wa huko wanakula nini, na kazi yote inayumba. Afadhali kuanza na chakula. Mwandishi wa hadithi za kisayansi anaweza kutumia njia hiyohiyo, ila yeye hana dadu.

Tuchukue makazi ya watu 80 kwenye sayari ya Mirihi.

Kwanza, hesabu shamba. Mtu mzima anahitaji takribani kilokalori 2,200 kwa siku. Chagua zao moja libebe mzigo. Viazi vitamu vinafaa kwa sababu mmea mmoja hulisha mara mbili: viazi chini, matembele juu. Kilo moja ya viazi ina kilokalori kama 860, na shamba zuri hapa duniani hutoa kilo 2 kwa mita ya mraba baada ya siku 120 hivi, yaani kilokalori 1,720. Zidisha 2,200 kwa 120, ugawanye kwa 1,720: kila mtu anahitaji mita za mraba 153. Watu 80 wanahitaji zaidi ya mita 12,200, karibu viwanja viwili vya mpira, vyote chini ya paa. Jua la Mirihi halifiki nusu ya letu, kwa hiyo taa lazima ziwepo, na taa zinakula umeme. Udongo nao una chumvi za pakloreti zinazodhuru tezi ya shingo. Usipooshwa haufai kupandwa.

Hapo tayari una mgogoro, tena bila jambazi hata mmoja. Mmea ukichumwa majani kupita kiasi, viazi vyake hupungua. Anayeiba matembele leo anapunguza mlo wa miezi minne ijayo. Nani analinda bustani usiku? Watoto wa mlinzi wanakula nini?

Pili, amua presha ya hewa ndani ya makazi. Wahandisi watapenda iwe ndogo, kwa sababu kuta hubeba mzigo mdogo na hewa huvuja polepole. Tuseme ni nusu ya ile ya pwani. Maji yatachemka kwenye nyuzi 81 hivi badala ya 100. Wengi hudhani maji yanayotokota ni moto uleule popote. Ukiongeza kuni au umeme, yatakauka haraka tu, joto halipandi. Viazi vitachukua muda mrefu zaidi kuiva, chai itakuwa hafifu. Maharage mekundu ndiyo hatari yenyewe: yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko kamili, na yakipikwa kwenye nyuzi 80 hivi yanaweza kuwa na sumu kuliko mabichi. Kutapika huanza saa 1 hadi 3 baada ya kula.

Dawa ni sufuria ya presha, ambayo hata humo itafika nyuzi 110 hivi. Sasa jiulize mpira wa mfuniko ukichakaa unatoka wapi. Makazi yana sufuria nne na mipira sita, na meli inayofuata iko mbali. Mpira huo una thamani kuliko dhahabu, na mpishi mkuu ana nguvu kuliko meya. Ukishafika hapa, historia ya miaka elfu haina kazi tena.

Usiwasomee wachezaji hesabu hizi. Zionyeshe kwenye sahani: bakuli la kila siku, chakula cha sherehe, na ufunguo wa ghala uliofungwa kiunoni mwa mtu fulani. Kila wiki ya mchezo, rusha dadu mbili za pande 6. Ikija 2 hadi 4, kuna hitilafu (taa, pampu, mpira wa sufuria). 5 hadi 9, mambo ni ya kawaida. 10 hadi 12, kuna ziada, na ziada huleta ugomvi wake. Hitilafu itatokea mara moja kati ya sita. Ukiifanya iwe nusu kwa nusu, wachezaji watachoka kutengeneza pampu.

Tatu, pika chakula hicho. Kwa watu 5: viazi vitamu kilo 1.5, matembele gramu 700, karanga zilizokaangwa na kusagwa gramu 150, kitunguu kikubwa 1, nyanya 2, mafuta vijiko 2, chumvi kijiko 1 cha chai. Uliza mapema kama kuna mtu anayedhurika na karanga. Ufuta uliosagwa unashika nafasi yake.

Chemsha viazi dakika 25 hadi 30. Ondoa vikonyo vigumu vya matembele, katakata, chemsha dakika 5, chuja. Kaanga kitunguu, weka nyanya hadi zirojeke. Karanga zikoroge kwanza kwenye vikombe 1.5 vya maji ya uvuguvugu. Ukizimwaga kavu kwenye sufuria zitafanya mabonge yasiyoyeyuka. Mimina, weka chumvi, punguza moto, koroga dakika 10 bila kuondoka, maana karanga hushika chini na harufu ya kuungua haitoki tena. Mafuta yakianza kuelea juu, tia matembele, acha dakika 5.

Kuleni kabla ya kuanza, au mpumzike katikati, kwa sababu vidole vyenye karanga huharibu karatasi zinazoandikwa habari za wahusika. Vipande vya viazi vilivyopoa vinaweza kubaki mezani, bila mchuzi. Mchuzi uliobaki ukiupasha kesho, ongeza nusu kikombe cha maji. Karanga huwa nzito zikipoa.