Kuleta mashine ya ultrasaundi Pemba kutoka nje, hatua kwa hatua

Wanaotuma vifaa tiba hufunga mzigo wakiiwazia meli kubwa, nayo huko mzigo hulala salama. Mashine nyingi huumia kipande cha mwisho: bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, Pemba, kisha garini hadi hospitali. Funga kwa ajili ya hapo.

1. Kabla ya kukubali, omba picha ya kibao cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Iliyoandikwa 100–240, 50/60 haina neno. Ya Marekani yenye volti 120 na hezi 60 tu itataka transfoma, na transfoma hiyo haibadilishi hezi. Ulizia probu zote (vile vishikio vinavyopitishwa mwilini mwa mgonjwa), nenosiri na kitabu cha fundi. Ultrasaundi isiyo na probu ni meza ya magurudumu.

2. Karatasi: ankara, orodha ya vilivyomo, bili ya shehena. Namba iliyogongwa kwenye mashine ilingane kote, tarakimu kwa tarakimu. Hata kama ni msaada, usiandike thamani sifuri. Forodha wanataka thamani halisi, na msamaha wa kodi huombwa kando. Kibali cha Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA) kishughulikie mzigo ungali kwa mtumaji, maana ukishafika bandarini kila siku ya kungoja ni pesa. Eksirei ina mlango mwingine: Tume ya Nguvu za Atomiki.

3. Kufunga, na hapa usione haya kumsumbua mtumaji. Probu zitolewe, kila moja ndani ya sponji yake, kwani kilichomo kwenye kichwa chake hupasuka kwa kuanguka mara moja tu, na kwa nje huoni kitu. Mashine isisimamie magurudumu yake. Inyanyuliwe juu ya gogo na kukazwa kwa mikanda. Kontena hutoa jasho usiku, kwa hiyo ivishwe mfuko usiopitisha hewa wenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Mbao za kasha ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo. Herufi HT maana yake zimepashwa moto hadi kiini kufika nyuzi 56 kwa dakika 30. Nje bandikeni stika inayogeuka rangi mzigo ukigongwa, na mwandike USILAZE, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Mchukuzi wa Malindi Kijerumani hakimhusu.

4. Betri za lithiamu zinazokuja peke yake kwa ndege zisizidi chaji ya asilimia 30, na shirika liambiwe mapema.

5. Bima isome hadi mlango wa hospitali. Nyingi huishia bandarini.

6. Miezi ya kusi mkondo wa Pemba huchafuka. Kama hakuna haraka, subiri. Uwepo mwenyewe Mkoani. Stika ikiwa imegeuka, piga picha na uandike kwenye hati ya kupokelea kabla ya kusaini.

7. Ukishaifungua, usiiwashe papo hapo. Mimi huiacha usiku kucha ikauke, kisha napima soketi ya ukutani ndipo nachomeka.