Namna ya Kutambua Alama ya Laringali katika Mpumuo wa Kisanskriti

Chukua neno la Kisanskriti lenye kipasuo kisoghuna cha mpumuo (kama th, yaani t itamkwayo kwa pumzi), kisha tafuta ndugu yake katika Kigiriki. Ukikuta pṛthú, yaani “pana”, ikilingana na platús yenye t tupu, shuku kwamba katika Mame-Kihindi-Kiulaya, lugha mama ya kale ya Kisanskriti na Kigiriki, *t (nyota huonyesha umbo la kukisiwa) ilifuatwa na laringali *h₂, mojawapo ya konsonanti za kale zinazokisiwa kutamkwa kooni, iliyotoweka mbele ya irabu baada ya kuiachia t mpumuo wake. Vipasuo ghuna (kama g) navyo huguswa: linganisha máhi ya Kisanskriti na méga ya Kigiriki, yaani “kubwa”.

Ushahidi mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, umo katika Kiavesta, lugha ya kale ya Kiirani iliyo ndugu ya Kisanskriti, ambako “njia” ni pantā̊ katika uhusika wa kiima lakini paθō (θ ikitokana na t yenye mpumuo) katika uhusika milikishi, kwa kuwa t iligusana na laringali katika umbo la pili tu; Kisanskriti kimeisawazisha tofauti hiyo kwa kuweka th katika maumbo yote mawili: pánthāḥ, patháḥ.