Harufu na vumbi kwenye banda la kuku: anza na maji

Harufu kali ya banda la kuku inaanzia kwenye maji. Kinyesi cha kuku kina asidi ya yuriki. Kikikauka mapema asidi hiyo inatulia, lakini kikilowa bakteria huivunja na kutoa amonia, hewa ile inayochoma macho. Kuku 200 wa mayai hunywa takriban lita 50 kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi sakafuni kama kinyesi au hewani kama mvuke wa pumzi. Kwa hapa Kanda ya Ziwa Victoria, ambako hewa yenyewe ina unyevu na masika hubana kuanzia Machi hadi Mei, hakuna nafasi ya kuongeza maji mengine ya bure.

Pima banda alfajiri, kabla hujafungua mapazia. Chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kichwa cha kuku, maana huko ndiko anakopumulia. Pua ya mfugaji huzoea, kwa hiyo ni vizuri kumwita mtu asiyeshinda bandani. Macho yakiwasha, kwa kawaida amonia imeshavuka sehemu 25 kwa milioni, kiwango ambacho njia ya hewa ya kuku huanza kuumia na mafua hayakauki.

Kisha chota mkononi maranda yaliyotandazwa sakafuni, uyafinye. Yakibaki donge, yamelowa kupita kiasi. Yakishikana kidogo halafu yakaachia, yako sawa. Yakimwagika yote na kutoa vumbi, yamekauka mno.

Tandaza maranda kwa unene wa sentimita 8 hadi 10. Banda la mita za mraba 20 linahitaji kama mita za ujazo 2, yaani magunia makubwa 15 hadi 20. Pumba za mpunga kutoka mashineni Magu au Misungwi ni nyepesi na hukauka haraka, ila hazinyonyi maji kama maranda ya fundi seremala, hivyo kuchanganya nusu kwa nusu kunafaa zaidi. Unga laini wa msumeno usiutumie: unatimka, na vifaranga wanaula. Usizidishe kuku pia. Wa mayai wasizidi 6 kwa mita ya mraba, wa nyama wasizidi 10.

Mdomo wa chombo cha maji uwe usawa wa mgongo wa kuku, na kwa kuku wanaokua kipandishe kila wiki. Kikiwa chini, wanachezea maji na kuyamwaga. Donge lililolowa chini ya chombo litolewe siku hiyo hiyo. Kulifunika kwa maranda mapya ni kulihifadhi tu, litaendelea kuoza chini. Kama vyombo ni vizima, paa halivuji na bado sakafu inalowa, angalia chakula. Chumvi ikizidi, au dagaa wakiwekwa kwa wingi kwa sababu tu wanapatikana karibu, kuku hunywa sana na kuharisha maji. Protini iliyozidi hairudi kuwa mayai. Inatoka kama asidi ya yuriki.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kunyunyiza chokaa juu ya maranda yaliyolowa, kuku wakiwa ndani. Chokaa hufukuza amonia kutoka kwenye kinyesi kwenda hewani, kwa hiyo harufu huongezeka saa hizo hizo. Chokaa ni ya sakafu tupu iliyosafishwa. Kinachoshika amonia ni kitu chenye asidi, kama shabu ya kusafishia maji: robo hadi nusu kilo kwa mita ya mraba, ichanganywe na maranda kabla kuku hawajaingia.

Upande wa hewa, banda lisizidi upana wa mita 8. Ukuta wa matofali uishie futi mbili au tatu, juu yake wavu. Pazia la viroba lifungwe kwa chini na lipandishwe kwenda juu, na hata usiku wa mvua acha uwazi wa futi moja chini ya paa. Vifaranga wakihitaji joto, wazungushie kona yao badala ya kuziba banda zima. Jiko la mkaa ndani ya banda lililozibwa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na huua kuku na mlinzi pamoja.

Vumbi hutoka zaidi kwenye chakula, manyoya na kinyesi kikavu. Lita 1 ya mafuta ya alizeti katika kilo 100 za chakula hulipunguza sana. Epa dagaa waliokaushwa juu ya mchanga, na vaa barakoa unapofagia.

Kwa mabanda yaliyo chini ya miamba, chimba mfereji upande wa juu, la sivyo mvua moja italeta maji yote ya mlima sakafuni. Mbolea ifunikwe kwa turubai, na isikae ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, eneo ambalo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalilinda. Ikisombwa na mvua inakwenda kulisha magugu maji. Siku ya kutoa mbolea, anza saa nne asubuhi upepo ukishaamka. Jioni hewa hutulia, na harufu yote hushukia kwa majirani wa bondeni.