Josselin kwa siku moja: anzia ng'ambo ya mto

Wageni ninaowapeleka Josselin, mji mdogo wa Bretagne magharibi mwa Ufaransa, wakishuka tu garini hutaka kukimbilia lango la ngome. Huwa nawazuia. Ngome ile ina sura mbili, na utamu wake uko katika kuziona kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Fika asubuhi. Mji hauna stesheni ya treni. Kutoka Paris panda treni ya kasi hadi Rennes, kama saa moja na nusu, kisha chukua basi. Hakikisha kwanza saa ya basi la kurudi, na siku ambazo ngome iko wazi, maana wakati wa baridi hufungwa. Vaa viatu visivyoteleza. Vichochoro ni vya mawe na mteremko.

Hatua ya 2: Vuka daraja hadi mtaa wa Sainte-Croix, kisha geuka. Minara mitatu yenye mapaa yaliyochongoka imesimama juu ya mwamba, chini yake mto Oust. Hii ndiyo sura ya vita. Olivier de Clisson, kabaila na jemadari wa Bretagne, aliichukua ngome mwaka 1370 akaijengea minara tisa. Mwaka 1629 Richelieu, waziri mkuu wa mfalme wa Ufaransa, aliamuru ibomolewe, kwa kuwa mwenye ngome, Henri de Rohan, aliwaongoza Waprotestanti walioasi. Upande wa mto ndiyo hiyo mitatu iliyosalia. Usiharakishe hapa.

Hatua ya 3: Fuata njia ya kando ya maji. Hapa mto na mfereji ni kitu kimoja: Oust uliunganishwa katika mfereji wa Nantes hadi Brest, wenye zaidi ya kilomita 360. Napoleon aliuanzisha mwaka 1811, kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga njia ya bahari. Ukikuta mashua kwenye mlango wa maji, subiri uitazame. Inaingia kwenye chumba cha mawe, milango inafungwa nyuma yake, maji yanaachiwa kidogo kidogo mpaka yalingane na ya mbele, ndipo inaendelea. Watoto hawabanduki hapo, nami pia.

Hatua ya 4: Sasa ingia ngomeni. Ukifika uani utadhani umeingia jengo lingine. Karibu mwaka 1500 Jean II de Rohan aliutia uso wa ndani nakshi za graniti, jiwe gumu lililochongwa kama mbao laini. Tafuta herufi A yenye taji na maneno ya ukoo, "A plus". Ukoo wa Rohan bado unaishi humo, kwa hiyo utaonyeshwa vyumba vichache tu vya chini, ukiwa na kiongozi.

Hatua ya 5: Malizia katika kanisa la Notre-Dame du Roncier. Humo ndimo kaburi la Clisson na mkewe, Marguerite de Rohan. Mnara ukiwa wazi, panda. Kutoka juu utaona ua na minara kwa pamoja, na maji yakipita nyuma yake.